Staji (mafunzo ya kazini) ya kwanza kwenye kampuni ya programu, Lubumbashi: siku ya kwanza nijiandae vipi?

Mwanafunzi_L3 (Ijumaa jioni)

Jambo wakubwa. Jumatatu saa mbili asubuhi naanza staji ya miezi mitatu kwenye kampuni moja hapa Lubumbashi inayotengeneza programu za mishahara na za stoki za maduka. Niko L3 (mwaka wa tatu chuoni) informatika. Lugha za Java, PHP na SQL nimezisoma darasani. Git, ile programu ya kutunza matoleo ya kodi, nimeigusa mara mbili tu. Barua ya utambulisho ya shule iko tayari.

Naomba kujua: nibebe nini, na je, nibebe mashini yangu (kompyuta ya Windows 10, RAM GB 8)? Ni vitu gani hukwama siku ya kwanza, ili nivifanyie mazoezi kesho na keshokutwa? Na nikikwama, niulize baada ya muda gani na kwa namna gani bila kuwachosha watu walio kazini? Mega (data za intaneti) nilizo nazo ni chache, kwa hiyo kama kuna kitu cha kushusha mniambie na uzito wake.

Yaya_Terminali

Mdogo wangu, hongera. Lenga kitu kimoja: kabla hujatoka biro (ofisini) Jumatatu, programu ya kampuni iwe inafunguka kwenye mashini uliyopewa, na badiliko lako moja, hata la kusahihisha neno moja kwenye faili ya README, liwe limefika kwenye depo ya kodi (ghala la Git linalotunza maandishi ya programu). Ukifika hapo siku imeenda vizuri. Kinachokula saa nyingi ni mambo ya kuingia, nami nitayataja kwa mpangilio utakaokutana nayo.

Utaanza na klavie (kibodi). Mashini nyingi hapa kwetu zina vitufe vya AZERTY (mpangilio wa Kifaransa), lakini Windows ikiwekwa upya, skrini ya kuingilia inaweza kubaki kwenye QWERTY ya Marekani. Unapewa neno la siri la muda, unaliandika vile vile lilivyo kwenye karatasi, linakataliwa. Kitufe cha A kinatoa Q, cha Z kinatoa W, cha M kinatoa nukta-mkato, na tarakimu za mstari wa juu, ambazo kwenye AZERTY zinataka Shift, hapa zinatoka bila Shift. Wewe huoni lolote maana skrini inaonyesha vidoto tu. Ukirudia mara kadhaa akaunti inafungwa, na saa mbili na nusu asubuhi unamtafuta mtu wa kuifungua. Kabla ya kujaribu neno la siri, andika `a q z w m 2` kwenye nafasi ya jina la mtumiaji, ambapo herufi zinaonekana. Zikitoka tofauti, bofya alama ya FRA au ENG chini upande wa kulia, badilisha, kisha zifute. Na Caps Lock iangalie: kwenye AZERTY ya Windows inageuza hata mstari wa tarakimu, si herufi peke yake.

Kwa kuandika kodi kwenye AZERTY, vidole vyako vizoee wikendi hii: `{` ni AltGr+4, `[` ni AltGr+5, `|` ni AltGr+6, alama ya nukuu ya nyuma ni AltGr+7, `\` ni AltGr+8, `@` ni AltGr+0, `#` ni AltGr+3. Vya kufungia, `]` na `}`, viko kwenye vitufe viwili vinavyofuata 0, navyo pia kwa AltGr. Nusu saa ya mazoezi inatosha.

Halafu kuna saa, na hili ni la kwetu hasa. Nchi yetu ina kanda mbili: Kinshasa ni UTC+1 (saa moja mbele ya UTC, saa ya kimataifa), sisi wa Lubumbashi pamoja na Bukavu na Goma ni UTC+2. Simu au mashini ikiwekwa kwenye ukanda wa Kinshasa inaonyesha saa moja nyuma. Mtu anaona kosa, anasogeza mishale kwa mkono ili ilingane na saa ya ukutani, anaridhika. Kumbe ndani ya kifaa, saa ya UTC sasa imetangulia kwa dakika 60. Ukija kuingia kwenye akaunti ya kampuni kwa namba sita za uthibitisho, zile zinazobadilika kila sekunde 30, kila namba inakataliwa, kwa sababu zinakokotolewa kutoka saa ya UTC. Usiguse mishale. Rekebisha ukanda: kwenye simu chagua Lubumbashi na uwashe saa ya kiotomatiki, kwenye Windows chagua “(UTC+02:00) Harare, Pretoria”, kwenye Linux andika `sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`. Kwenye Windows usichukue UTC+2 ya Athens kwa kuwa namba zinafanana: wao husogeza saa majira ya joto, sisi hatusogezi. Namba za dharura utakazopewa unapowasha uthibitisho ziandike kwenye karatasi uiweke nyumbani, maana simu ikipotea kwenye basi ndizo zitakazokuingiza.

Ya tatu ni Git, na hapa ndipo wikendi yako iende. Shusha Git for Windows. Uzito wake hauzidi MB 80. Fungua Git Bash. Humo Ctrl+V haibandiki, tumia Shift+Insert. Weka jina na barua pepe:

`git config --global user.name "Jina Lako"`
`git config --global user.email "barua@pepe"`

Kwenye mashini ya kampuni utaweka barua pepe ya kampuni, la sivyo komiti zako (mabadiliko unayohifadhi kwenye Git) zitaonekana za mtu asiyejulikana. Tengeneza ufunguo wa SSH, unaokutambulisha kwenye depo: `ssh-keygen -t ed25519`. Kinatoka kitu chenye sehemu mbili: faili yenye mkia `.pub` ndiyo ya kupeleka kwenye akaunti yako. Isiyo na mkia haitoki kwenye mashini kamwe, hata shefu akiomba. Unapoandika neno la siri la ufunguo hutaona hata nyota moja kwenye skrini. Ndivyo ilivyo, endelea kuandika ubonyeze Enter.

Kisha fanya mzunguko huu mara kumi kwenye depo yako ya mazoezi: `git switch -c jaribio`, badilisha mstari mmoja, `git status`, `git diff`, `git add` ukitaja jina la faili, `git commit`, `git push -u origin jaribio`. Nasisitiza jina la faili. `git add .` ndiyo inayobeba faili ya `.env` yenye neno la siri la hifadhidata na kuipeleka kwa watu wote. Likitokea, mwambie msimamizi papo hapo. Kufuta faili na kufanya komiti nyingine hakusaidii, kwa kuwa historia bado inalo. Neno la siri lenyewe linabadilishwa kwanza, usafi wa historia unafuata.

Depo ikiwa nzito na mega ni chache, `git clone --filter=blob:none` inaleta historia bila kubeba kila toleo la zamani la kila faili.

Mashini yako ibebe, pamoja na chaja. Kampuni ndogo mara nyingine hazina mashini ya ziada.

FundiWaya_Kamalondo

Yote aliyosema Yaya ni sawa, ila kuhusu mashini napingana naye kidogo. Ibebe, lakini ibaki kwenye mfuko mpaka uulizwe. Usiichomeke kwenye waya wa mtandao wa kampuni wala kuomba neno la siri la Wi-Fi kwa ajili yake. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na msimamizi wa mtandao ana haki ya kuikataa. Na flashi yako iache nyumbani kabisa. Flashi zinazozunguka vyuoni hubeba vile virusi vinavyoficha mafolda na kuweka vishale (shortcut) vyenye majina yale yale. Ukibofya kishale mara mbili folda inafunguka kama kawaida, na kirusi nacho kimeshaingia. Kama flashi yako imefikia hapo, isafishe kwanza kwa antivirusi, kisha uyarudishe mafolda kwa `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi.

Vya kubeba: kadi ya mpiga kura (ndiyo kitambulisho chetu), kadi ya mwanafunzi, barua ya utambulisho na fotokopi mbili, kaye (daftari) ya staji, kalamu mbili, simu iliyochajiwa. Na uvae viatu vilivyofungwa, kwa sababu stajieri wa kampuni ya programu bado ataitwa kuvuta waya chini ya meza.

Kuhusu umeme. Uliza asubuhi ile ile: prizi (soketi) ipi iko kwenye onduleri (betri ya akiba, UPS) na ipi si yake. Onduleri ndogo ya 650 VA inabeba karibu wati 390 tu, yaani mashini moja ya mezani na skrini yake, pengine na ruta. Mtu akichomeka printa ya leza hapo, kile chuma chake cha kuchoma wino kinavuta wati mia kadhaa kwa mara moja, onduleri inalia na kuzima kila kitu kilichokuwa kinaitegemea. Printa ya leza, birika na pasi ya kuunganishia waya ni za prizi ya kawaida. Umeme ukikatika, dakika za betri ni za kuhifadhi na kuzima, si za kumalizia kazi. Umeme ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuwasha: mara nyingi unarudi kwa kishindo, unakatika tena, halafu ndipo unatulia.

Na ujue kinachotokea kwa Git umeme ukikatika katikati ya komiti kwenye mashini isiyo na betri: ukiwasha tena unaweza kukuta `object file is empty`. Usianze kufuta vitu ndani ya folda ya `.git`. Nakili kwanza folda nzima pembeni, kisha shusha depo upya mahali pengine, uhamishe humo faili ulizokuwa umebadilisha tu. Aliyesukuma (`git push`) kazi yake kila saa anapoteza saa moja. Aliyesubiri jioni anapoteza siku.

Wakikupa kufunga kichwa cha RJ45 (cha waya wa mtandao), mpangilio wa kawaida (T568B), kibanio cha plastiki kikiwa upande wa chini na wewe ukisoma kutoka kushoto: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifungue msokoto zaidi ya sentimita 1.3, na ganda la nje lazima liingie ndani ya kichwa ili kile kikabano kilishike lenyewe, siyo nyuzi. Kosa linalowapata wengi ni kuweka kijani karibu na nyeupe-kijani kwa kuwa “zinaendana”. Hapo jozi imevunjika, na waya mfupi unaweza hata kufanya kazi, kisha ukizidi mita kadhaa unaanza kupoteza data ovyo. Ukiona kasi imekwama kwenye Mb 100 badala ya 1000, kagua bluu na kahawia: Mb 100 inatosheka na nyuzi nne, gigabiti inazitaka zote nane.

Mama_Seva

Mwanangu, wenzangu wamekupa vya mikono. Mimi naongeza vya karatasi na vya mdomo.

Mkataba wa staji usome kabla ya kutia sahihi, na uondoke na nakala yako. Tafuta vitu vitatu ndani yake: jina la msimamizi wako, tarehe ya kumaliza, na kama kuna pesa ya usafiri au hakuna. Uliza siku hiyo hiyo nani atatia sahihi kwenye kaye yako kila wiki. Ukingoja mwezi wa tatu, msimamizi atakuwa safarini na shule haitakusubiri.

Kaye ijazwe kila jioni, mistari mitano: nilifanya nini, amri gani nilitumia, nini kilikataa na kwa maandishi gani, nani alinisaidia, kesho naanzia wapi. Ripoti ya staji inatoka humo.

Sasa, kampuni ya mishahara. Utaona mshahara wa watu. Hata ukimkuta jirani yako kwenye orodha, umeona umenyamaza. Sheria ya dijitali ya nchi, namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu inayolinda data za watu, na kampuni inaichukulia kwa uzito. Usipige picha skrini. Usijitumie hifadhidata kwenye barua pepe yako ili “uendelee nyumbani”. Kwa picha za ripoti, omba data za kubuni. Na usibandike kodi ya kampuni kwenye tovuti yoyote ya kuuliza maswali, wala kwa akili bandia, kabla hujauliza kama inaruhusiwa.

Kabla ya Jumatatu jifunze maneno ya kazi yenyewe, hayahitaji mega nyingi: CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii (mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri analipa sehemu yake mwenyewe), IPR, jina ambalo kodi ya serikali kwenye mshahara, inayopanda kwa ngazi, imekuwa ikiitwa, na michango ya INPP (mafunzo ya kazi) na ONEM (ofisi ya ajira) ambayo ni ya mwajiri. Ukielewa hayo, nusu ya majina ya meza kwenye hifadhidata utayasoma bila kuuliza. Na kwa kuwa hapa watu wanalipwa kwa franka na kwa dola, kila kiasi lazima kiende na sarafu yake. Kwenye Java, pesa ni `BigDecimal`, iliyotengenezwa kutoka maandishi: `new BigDecimal("0.10")`. Ukitumia `double`, 0.1 + 0.2 haitoi 0.3 kamili, na mwisho wa mwezi jumla ya orodha haikubaliani na jumla ya benki.

Kuhusu kuuliza. Jaribu mwenyewe dakika 20 hadi 30, si zaidi. Kukaa kimya mpaka jioni kunamchosha msimamizi kuliko swali. Lakini swali liwe na mwili. Hili halina:

“Shefu, programu haiwaki, nifanye nini?”

Hili linalo:

“Shefu, nimefuata README mpaka hatua ya 4. Nikiandika `mvn spring-boot:run` inasimama na `Communications link failure`. MySQL inawaka. Faili ya mipangilio inasema mlango 3306, lakini `netstat -ano` inaonyesha MySQL inasikiliza 3307. Nibadilishe faili kwangu, au MySQL irudi 3306?”

La pili linajibiwa kwa neno moja mtu akipita na kikombe chake cha chai. Nakili maandishi ya kosa yote, usipige picha ya skrini kwa simu, na usiyatafsiri. Kama mashini inakuonyesha makosa kwa Kifaransa, kwenye Git Bash tanguliza `LC_ALL=C`, kwa mfano `LC_ALL=C git push`, ili upate maandishi ya asili; ukiyatafuta mtandaoni majibu ni mengi zaidi. Ukikutana na `UnsupportedClassVersionError`, soma namba iliyo ndani yake: 52 ni Java 8, 55 ni 11, 61 ni 17, 65 ni 21. Inakuambia mradi umejengwa kwa Java mpya kuliko iliyo kwenye mashini yako. Utawekewa inayofaa, basi.

Kuita watu: asubuhi ya kwanza sikiliza wenyewe wanaitanaje. “Shefu” haikosei kwa msimamizi; kwa mtu mzima wa umri wa wazazi wako sema Papa au Mama fulani. Salimu wote kuanzia mlinzi, ndiye anayejua funguo za chumba cha seva ziko kwa nani.

Yaya_Terminali

Nakubali kuhusu mashini kubaki kwenye mfuko, FundiWaya yuko sahihi. Naongeza kwa mega: Maven (programu inayojenga miradi ya Java, amri yake ni `mvn`) ikijenga mradi mara ya kwanza inashusha vifurushi vya MB mia kadhaa kwenye folda `.m2/repository`. Usiifanye kwa mega za simu. Omba mwenzako akunakilie folda hiyo kupitia mtandao wa ndani, kisha jaribu `mvn -o` ambayo haigusi intaneti. Picha za Docker (vifurushi vya programu vilivyo tayari kuwaka) nazo ni hivyo hivyo: yeye afanye `docker save -o`, wewe `docker load -i`. Na kama siku moja utalazimika kutumia simu kama modemu, weka kwanza Wi-Fi hiyo kuwa “connexion limitée” (mtandao wa kubana data) kwenye Windows, la sivyo masasisho yatakula kifurushi chote kabla hujafungua hata ukurasa mmoja.

Mwanafunzi_L3 (Jumamosi usiku)

Asanteni sana wakubwa, nimeanza mazoezi. Ukanda wa saa kwenye simu yangu ulikuwa Kinshasa kweli, nimeurekebisha. Kwenye Git nimekwama: nimetengeneza ufunguo, nimepeleka `.pub` kwenye akaunti yangu ya GitHub, lakini `ssh -T git@github.com` inanijibu `Permission denied (publickey)`. Nimerudia kupeleka mara mbili. `ls ~/.ssh` inaonyesha `known_hosts` peke yake. Ssh-keygen iliponiuliza `Enter file in which to save the key` niliandika `staji`.

Yaya_Terminali

Umeuliza vizuri, jibu limo ndani ya swali lako. Pale ulipoandika `staji`, ufunguo ulihifadhiwa kwa jina hilo kwenye folda uliyokuwa umesimama, si ndani ya `.ssh`. SSH inatafuta majina yake ya kawaida, kama `id_ed25519`, ndani ya `.ssh`, haikukuta kitu. Rudi kwenye folda ile ile, andika:

`mv staji ~/.ssh/id_ed25519`
`mv staji.pub ~/.ssh/id_ed25519.pub`

Kisha rudia `ssh -T git@github.com`. Ikijibu `Hi` na jina la akaunti yako, halafu ikasema `GitHub does not provide shell access`, ufunguo umekubaliwa. Maneno hayo ya mwisho si kosa. Jumatatu utengeneze ufunguo mwingine kwenye mashini ya kampuni, na safari hii pale panapouliza jina bonyeza Enter tu.